Mikono ya Baba na Sheria ya Kwato

Mwaka 2015, nikiwa daraja la tisa, ndoa ya dada yangu ilitaka kuvunjika kwa ajili ya nguruwe. Si kwamba kuna mtu alimpika. Kwetu hakuna anayemla. Baba alikuwa anamkata tu, kazini, zamu ya pili, katika kiwanda kimoja cha nyama hapa Louisville. Alikuwa upande wa mabega. Nyama inakuja mbele yake juu ya mkanda, anakata bega, inakuja nyingine. Mkono wa kushoto glavu ya nyuzi za chuma, mkono wa kulia kisu. Akirudi nyumbani anaacha viatu vya mpira nje ya mlango, ananawa kwa sabuni ya vyombo na ndimu, halafu ndipo anasalimia watu.

Dada hakuishi nasi. Kwenye kambi ya wakimbizi aliandikwa kwenye karatasi za shangazi, ndugu wa Baba, kwa sababu shangazi ndiye aliyemlea tangu tulipokimbia. Kwa hiyo ndege iliwapeleka Buffalo. Sisi tulikuja baadaye tukaletwa Louisville, tukapewa nyumba mtaa wa Beechmont. Baba mkubwa alikuwa Columbus tangu zamani. Ndivyo tulivyogawanywa, na kila jambo la familia likawa jambo la simu.

Basi Jumapili moja shangazi akapiga. Mama aliweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye bugali.

"Wifi, huku kuna maneno," shangazi alisema. "Baba mudogo ya kijana anayetaka kuoa anauliza baba ya binti anafanya kazi wapi."

"Anauliza nini? Si anajua? Si alilala hapa kwetu miezi mine?"

"Anajua. Donc, kwa hiyo, anasema hatapokea maziwa kwa mukono unaokata nguruwe."

Mama aliacha kusonga. Mimi nilikuwa nakunja nguo kwenye sofa, nikaendelea kukunja soksi ile ile.

Hapa nieleze, maana rafiki zangu wa shuleni niliowasimulia hawakuelewa kwa nini maziwa. Sisi ni watu wa milima ya Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe, hata sasa ambapo ng'ombe wenyewe tunawaona kwenye picha za galoni za maziwa tu. Maneno ya mahari yakiisha, baba wa binti anachukua maziwa katika chombo cha mti na kumpa msemaji wa upande wa kijana, kwa mikono yake mwenyewe. Msemaji akinywa, binti ametolewa. Akikataa, hakuna ndoa. Na kama baba yupo hai halafu maziwa yakatolewa na mtu mwingine, ni kama kusema baba hakukubali. Wachungaji wamejaribu kusema mila hiyo si lazima. Wazee wanaitikia amina, halafu wanauliza maziwa yako wapi.

Msemaji wa upande wao alikuwa ni huyo baba mdogo wa kijana, ndiye aliyemlea. Huko Buffalo alikuwa ameingia kwenye kusanyiko la watu wanaoshika Jumamosi na vyakula vya Torati neno kwa neno: nguruwe hapana, kambare hapana, hata kugusa mzoga hapana. Na Baba alikuwa anagusa mizoga siku tano kwa wiki.

"Huyo muzee alipofika Amerika alikuwa hana hata mutu wa kumupokea," Mama alisema baada ya simu, na nilijua linalofuata, maana hadithi hiyo nilikuwa naijua kama wimbo. Alikaa kwenye sofa letu miezi minne. Baba alimfundisha kupanda basi, kusoma barua za ofisi, kuvaa kwa baridi. Mama alimpikia. Alikuwa anamwita Baba "kaka". Halafu akahamia Buffalo kwa mtoto wa ndugu yake, huyo kijana mwenyewe, akasahau. "Hata simu moja. Hata ya kusema nimefika!"

Baba alikuwepo mezani. Alitazama mikono yake, kama mtu anayeangalia kama bado kuna povu.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni walimu waliandika hivyo kwenye ripoti kila muhula, na kanisani mama mchungaji alikuwa akiniombea roho ya ujasiri mpaka nikawa namkwepa. Lakini jambo lile liliniingia. Dada yangu alikuwa amenitumia picha ya gauni. Nilitaka kujua: Baba ni najisi au si najisi? Nilimpenda Baba na nilimwamini Mungu, na sikutaka kuchagua.

Darasa letu la vijana lilifanyika chini ya kanisa, kwenye chumba chenye mabomba darini. Mwalimu alikuwa mzee mmoja anayefanya kazi ya bohari siku za wiki. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina: *Mtu anayekata nguruwe kazini ni najisi?* Nikakiweka juu ya Biblia yake alipokwenda kutafuta kalamu ya ubao.

Alikisoma kwa sauti. Vijana wote wakaanza kutazamana. Nikatazama mabomba.

"Bon, haya," mwalimu akasema. "Swali ya mutu mukubwa hii." Akachora ukwato ubaoni, ukwato uliopasuka katikati. Ulifanana na maharagwe mawili. Kando yake akachora mdomo.

Alisema Mungu hakuwa na vita na wanyama, aliwaumba mwenyewe akasema ni wazuri. Vyakula vya Torati ni picha, na picha ni za watu. Mnyama safi ana mambo mawili. Kwato zake zimegawanyika, ndiye mtu anayetembea akijua kutenganisha: hatua moja katika dunia hii, hatua nyingine katika ile inayokuja. Na anacheua, ndiye mtu anayelimeza neno halafu akalirudisha, akalitafuna tena akilala na akikaa. Vyote viwili pamoja. Ngamia anacheua lakini mguu wake haugawanyiki: huyo anajua maandiko yote na anaishi kama wengine. Samaki wenye mapezi na magamba ni wale wanaopanda maji yanaposhuka. Kambare amelala kwenye tope.

"Mwewe je?" kijana mmoja akauliza.

"Mwewe hatafuti chakula yake. Anangojea ya mwenzake."

"Mwalimu, huyo ni huyu!" Akamsukuma ndugu yake, na darasa likachafuka. Kila mtu akagawiwa mnyama. Mimi nilipewa sungura, kwa ukimya, na mwalimu akasema sungura naye si safi, nikakosa la kufanya na uso wangu.

"Na nguruwe?" mwingine akauliza.

Mwalimu akangojea watulie. "Nguruwe iko na kwato nzuri sana. Akilala ananyoosha miguu mbele, kusudi uone: angalia, mi niko safi. Lakini ndani hakuna kinachorudi. Akikuwa na njaa analia mpaka jirani wanajua. Akishiba, hamujui mwenye kumulisha. Donc, mutu anakuja kwako na njaa. Anakuita kaka. Anakula kwa sahani yako. Siku anashiba, unamupigia simu, hapokei. Huyo ndiye Mungu alisema tusikule naye."

"Kwa hiyo naweza kula bekoni?"

"Kumula, utaamua na mama yako. Mi nakukataza kukuwa yeye."

Walicheka. Mimi niliandika kila neno. Na kwa kuwa naandika hapa mambo ya kweli, niseme pia hili: ile sehemu ya simu niliipigia mstari chini. Mara mbili. Nilikuwa namfikiria mtu mmoja.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kama nusu saa. Baba si najisi! Nguruwe ni mtu! Halafu nikaanza kuchanganyikiwa. Kama nguruwe ni mtu, kwa nini Mungu hakusema tu "msiwe watu wasio na shukrani"? Mbona aliandika orodha ndefu hivyo, na mijusi ndani? Na kama hatupaswi kukaa na watu walio nguruwe, mbona Yesu alikuwa anakula na kila mtu? Na kitu kingine sikumwambia mwalimu: tangu daraja la sita nilikuwa nakula piza ya shuleni yenye vile vipande vyekundu vya duara, mpaka rafiki yangu Msomali akaniuliza kama najua ni nini. Sikujua. Ilikuwa nguruwe, na ilikuwa tamu. Kwa sheria ya kwanza nilikuwa mchafu kwa miaka miwili na nusu, kwa sheria ya pili hakuna kilichotokea. Ningewezaje kuwa vyote?

Nilimwuliza Mama juu ya kucheua, maana yeye alichunga.

"Ng'ombe akifukuzwa hacheui," alisema. "Akiwa na homa hacheui. Mpaka alale, aone hakuna shida, ndiyo anaanza. Usiku baba yangu alikuwa anakwenda kusikiliza. Akisikia wanatafuna, anarudi analala."

"Sasa mtu asiye na muda wa kulala je?"

"Nani huyo?"

"Baba."

Mama alinipa vitunguu nimenye.

Tuliondoka Louisville Ijumaa ya kwanza ya mapumziko ya masika, Baba, Mama na mimi. Tulilala Columbus, huko Whitehall, kwa baba mkubwa, kwa sababu yeye ndiye angekuwa msemaji wetu. Baba mkubwa ni mtu wa maneno, hata akiomba chumvi anatoa hotuba. Mama alimwambia mtoto ana mafundisho ya kusaidia, nikalazimika kueleza, nikaeleza nikitazama zulia.

"Kwa hiyo nguruwe ni mutu," baba mkubwa akasema. "Sawa. Na mbuzi ni nani?"

"Mbuzi ni safi, baba mkubwa. Anacheua na kwato zake zimegawanyika."

"Eeh! Babu yako hakukula mbuzi mpaka kufa. Samaki naye hakukula. Kondoo hapana. Na hakujua kusoma hata A. Sasa yeye alikuwa anashika sheria ya nani?"

Sikujua. Mtoto wake mkubwa, anayesoma sayansi kule chuo kikuu, alikuwa amekuja kutusalimia na kufua nguo zake. Akasema bila kutoa macho kwenye simu kwamba ni minyoo tu. Zamani nyama ile ilikuwa na minyoo, watu wakafa, wakaandika sheria.

"Na ngamia naye ana minyoo?" baba mkubwa akamwuliza.

"Sijui ya ngamia."

"Hujui ya ngamia. Unalipiwa chuo kikuu, hujui ya ngamia."

Nililala kwenye godoro la sebuleni nikiwa na maelezo matatu kichwani, ya mwalimu, ya babu na ya minyoo, na hakuna hata moja lililofanana na jinsi Baba alivyokuwa amekaa jioni yote akimenya karanga bila kuzila.

Jumamosi tukaendesha mpaka Buffalo. Sherehe iliwekwa Jumapili mchana kwa sababu upande wa kijana hawasafiri wala kupika siku yao. Kulikuwa bado na marundo ya theluji, yamekuwa meusi kandokando ya maegesho. Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili zinazotazamana. Nilikuwa jikoni na shangazi. Yeye alikuwa anamimina maziwa ya dukani kutoka kwenye galoni mpaka kwenye kile chombo cha mti, taratibu, asimwage hata tone. Dada alikuwa chumba cha nyuma na wasichana wenzake. Nilikwenda kumwona. Alinishika mkono akaubana.

"Atakunywa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Baba amesema nini?"

"Hajasema."

Niliporudi nilimweleza shangazi mafundisho yote, kwa kuwa jikoni mimi huweza kuongea, mikono ikiwa na kazi. Shangazi aliacha kumimina.

"Iko kwa karatasi?"

"Nimeandika, ndiyo."

"Basi kaa nayo karibu."

Maneno yalianza vizuri. Upande wao waliomba ua, upande wetu wakasema hatuuzi maua, nendeni dukani. Baba mkubwa aliuliza kama hao vijana wa Buffalo wanajua kukamua, au wanajua kufungua friji tu. Watu walicheka. Baba mdogo wa kijana alikuwa amevaa suti ya kahawia na miwani, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alijibu kwa adabu, hata kwa mzaha. Ng'ombe wa mahari wakakubaliwa kwa midomo. Kisha shangazi akamwekea Baba kile chombo mikononi, mimi nikafuata nyuma nikiwa nimeshika mfuniko wake, kama walivyonielekeza.

Baba akasimama mbele yake. Akanyoosha mikono.

Yule mzee hakunyoosha yake.

"Kaka," akasema, polepole, "sina neno juu yako. Binti yenu tunamupenda. Lakini mi nilimwahidi Mungu. Maziwa nitakunywa. Yatoke kwa mukono ya kaka yako mukubwa."

"Mimi sikuzaa huyu binti," baba mkubwa akasema. "Unataka kunizalisha uzeeni?"

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa bado amenyoosha mikono. Chombo kile ni kizito. Nilikuwa nyuma yake na niliona viwiko vyake vinaanza kushuka, na nikasikia mlango wa chumba cha nyuma unafunguliwa kidogo, na nilijua ni nani anayechungulia. Wazee wa pande zote mbili wakaanza kusema pamoja. Mmoja akasema tuahirishe. Kwetu kuahirisha maziwa ni kuyamwaga.

Ndipo shangazi akanisukuma mgongoni. "Muache mutoto aseme! Amefundishwa hii mambo."

Msichana hasemi mahali pale. Lakini nadhani walikuwa wameishiwa maneno, wakaniachia nafasi. Nilitoa karatasi. Nilikuwa nimepanga moyoni kusoma sehemu ya kwato na ya kucheua, basi, niishie pale. Lakini mimi nikiogopa siwezi kuchagua. Nikianza kusoma mbele ya watu nasoma mpaka karatasi iishe, kwa sababu nikisimama katikati sauti haitarudi tena. Nilisoma kwato. Nilisoma ngamia. Nilisoma nguruwe anavyonyoosha miguu. Nilisikia sauti yangu inasema mtu anakuja kwako na njaa, anakuita kaka, anakula kwa sahani yako. Nilijua linalofuata kabla sijalifikia. Nikafika. Nikasoma na ile sehemu ya simu.

Ukumbi ule wote ulijua ile miezi minne. Mama alikuwa ameisimulia Louisville, shangazi akaisimulia Buffalo.

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Mama alijifunika uso na kitenge. Baba mdogo wa kijana alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo nisiloelewa mpaka leo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Kisha akatembea mpaka mlangoni akatoka nje.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa.

Nilibaki na mfuniko mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Shangazi alisema "Yesu wangu" mara kadhaa. Baba aligeuka, akampa baba mkubwa chombo amshikie, akamfuata yule mzee nje, bila koti.

Kupitia dirisha niliwaona kwenye maegesho, kati ya marundo ya theluji. Mwanzoni yule mzee ndiye aliyeongea, akihesabu kitu kwenye vidole. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu Baba akasema maneno machache. Halafu wote wawili wakasimama wakitazama magari. Nilidhani wanaagana. Nilikuwa najiambia: umeua ndoa ya dada yako kwa kusoma.

Waliporudi, Baba hakukaa. Alikwenda katikati.

"Mutoto wangu amesoma vizuri," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama mbele. "Kosa si yake. Kofia ni ya kweli, ila iliwekwa kwa kichwa ya mutu mwingine. Huyu alinipigia simu. Siku alifika hapa alinipigia. Jumapili yake akapiga tena, na ingine tena. Mi nilikuwa nimepata kazi, zamu mbili. Nikiona namba yake ninasema: anataka tena mahali ya kulala. Nikaacha inalia. Mama ya watoto hakujua. Kisha namba ikaacha kupiga." Akageuka kumtazama yule mzee. "Aliyeshiba ni mimi."

Mama alishusha kitenge akamtazama. Miaka ile yote alikuwa akisimulia hadithi yake, na Baba amekaa pale pale mezani akiisikia mpaka mwisho.

Baba akachukua chombo kutoka kwa baba mkubwa, akakinyoosha tena. Sasa nilifikiri: imekwisha kabisa. Kwa sheria ya kwanza mikono yake ni michafu. Kwa sheria ya pili, ile niliyokuja nayo mimi ili nimwokoe, yeye mwenyewe ndiye nguruwe. Hakuna sheria iliyobaki.

Yule mzee akakitazama chombo, akamtazama Baba.

"Bon," akasema. "Muliniambia anakata nguruwe. Kumbe ni nguruwe mwenyewe analeta maziwa."

Baba mkubwa akadakia: "Na weye unayekuja kumwomba binti, tukuite nani?"

Ukaanza kicheko kidogo, upande wao, kikavuka upande wetu, kikawa kikubwa. Hata Baba, mdomo wake ulicheza. Na katikati ya kicheko yule mzee akanyoosha mikono, akapokea, akanywa. Si kuonja. Niliona koo lake linapanda na kushuka. Wanawake wakapiga vigelegele, na nikasikia dada analia nyuma ya mlango, au anacheka, mlango ukiwa umefungwa huwezi kujua.

Sikuelewa. Hata sasa ninapoandika sielewi. Kama angekunywa kwa sababu amekubali kwamba sheria ni picha, ningeelewa. Lakini wakati wa chakula alimwuliza shangazi mara mbili kama mafuta ya maharage ni ya mimea. Hajaacha hata mstari mmoja wa sheria yake. Na Baba Jumanne alirudi kazini, kwenye mabega. Hakuna aliyebadilisha mawazo, na maziwa yalinyweka. Nilimwuliza Baba njiani kama alijisikia vibaya kuitwa vile mbele ya watu. Alifikiri kwa maili nyingi.

"Alikuwa ananiita kwa jina," akasema. "Miaka tatu hakuwa ananiita hata kidogo."

Lakini ile ilikuwa njiani. Kabla hatujaondoka ukumbini kulikuwa na jambo langu. Mama aliniwekea sahani mkononi, wali, nyama ya ng'ombe, maharage, akasema, "Mupelekee mwenyewe." Nikaenda nikapiga goti mbele ya yule mzee. Niliyokuwa nimeyapanga yote yakapotea.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema. Sasa alikuwa baba mdogo kweli. "Nisamehe."

"Marahaba. Juu ya nini?"

"Nilivyosoma."

Akapokea sahani akaiweka magotini. "Mwalimu wako ananijua?"

"Hapana."

"Weye ulikuwa unanijua. Ulikuwa unalala saa mbili, mi nasoma barua yangu kwa taa ya jikoni kusudi nisikuamushe." Hakusema kwa ukali. "Ulipoandika ile ya simu, uliwaza nani?"

Ningeweza kusema uongo. "Wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilotegemea. Akachukua kijiko. "Hiyo mafundisho si mbaya," akasema. "Nimeisikiliza. Iko na mwewe, iko na ngamia, iko na samaki ya kwa tope. Mutu anayesema kitu ya mwenzake bila kumwuliza, huyo mwalimu alisema ni munyama gani?"

"Hakusema, baba mdogo."

"Hayuko kwa ile orodha?"

"Sijui."

"Basi muulize," akasema, akaanza kula.

Harusi ilifungwa mwezi wa sita. Dada amenisamehe, anasema ilikuwa heri kuliko kuahirisha. Mama hasimulii tena habari za sofa, na kuna jioni anamtazama Baba akinawa kama anataka kumwuliza kitu. Mimi kila Jumapili nakaa chini ya mabomba yale yale, mwalimu anauliza kama kuna swali, na kipande cha karatasi ninacho mfukoni, kimeshaandikwa swali la baba mdogo. Sijampa. Naogopa nitaambiwa yupo kwenye ile orodha.